Laini na Mistari: Safari ya Neno Moja la Kiingereza katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Wahakiki wetu wamezoea kuitazama Sheng kama hesabu ya maneno yaliyokopwa. Mtafiti huchukua daftari, akaandika safu ya maneno, na mbele ya kila neno akaonyesha asili yake: hili ni la Kiingereza, lile ni la Kidholuo, hili jingine ni la Kigikuyu. Kazi hiyo ina faida zake, na hatukusudii kuibeza. Hata hivyo ina upofu mmoja. Neno linaloingia kwa sauti yake huonekana na kuandikwa. Neno linaloingia kwa maana tu, likiwa limevaa vazi la Kiswahili, hupita mbele ya mtafiti bila kutambuliwa. Makala haya yanafuatilia neno moja la kawaida la Kiingereza, nalo ni "line", ambalo liliingia katika mitaa ya Eastlands kwa milango yote miwili. Kwa mlango wa kwanza liliingia kama "laini". Kwa mlango wa pili liliingia kama "mstari", na hasa katika hali ya wingi, "mistari". Dai letu ni kwamba mlango uliotumika kila mara haukuwa wa bahati nasibu. Ulitegemea kitu chenyewe kilikuwa mali ya nani.

Tumechagua kulitazama neno hili kutoka Mowlem, mtaa ulio ujirani na Dandora, Kariobangi Kusini na Umoja, ambao tangu uchaguzi wa 2013 ni wadi katika eneo bunge la Embakasi Magharibi. Jina la mtaa ni lile lile la kampuni ya ujenzi ya John Mowlem, iliyoanzishwa London mwaka 1822 na kumezwa na Carillion mwaka 2006, kwa hiyo mkazi wa hapa huanza na neno la kigeni kila anapotaja anakolala. Katika mtaa kama huu, muuza kadi za simu huuza laini. Watoto wa shule hupangishwa laini asubuhi. Mwenye mtungi hufika penye bomba la maji akaambiwa apange laini kama wenzake. Jioni, kijana mmoja humtupia msichana mistari, na kijana mwingine huandika mistari yake katika daftari akingoja siku ya kuingia studio. Wote watano wanalitumia neno moja. Daftari la mtafiti lingeandika matumizi matatu tu.

Kabla ya kuendelea, inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili hakikuwa na njaa ya neno hili. Kilikuwa na "mstari", kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika kwa safu. Kilikuwa na "safu", "msururu" na "mlolongo" kwa watu au vitu vilivyofuatana. Isitoshe, kilikuwa tayari na "laini" nyingine, sifa yenye asili ya Kiarabu inayomaanisha kitu kisichokwaruza: kitambaa laini, sauti laini, unga laini. Neno la Kiingereza, ambalo chimbuko lake ni uzi wa kitani wa Warumi, lilipowasili lilimkuta somo wake amekwisha kuketi barazani. Yamkini hilo ndilo lililolirahisishia kukaa, kwani sikio la msemaji halikushtuka. Lakini vitu vya kwanza vilivyoitwa laini katika Nairobi havikuwa na ulaini wowote.

Laini za kambini

Katika Kiingereza cha jeshi la Waingereza nchini India, "lines" zilikuwa safu za vibanda vya askari na watumishi. Miji mingi ya India ingali na sehemu ziitwazo Civil Lines na Police Lines. Matumizi hayo yalivuka bahari pamoja na utawala. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na pamoja nayo wakaja maelfu ya vibarua kutoka India, makarani na maofisa waliozoea kuupanga mji kwa namna ya kambi: huyu hapa, yule pale, na kati yao uwanja mtupu. Wafanyakazi wa reli walijengewa nyumba za safu kule Muthurwa, ambazo jina lake la Landhies limebakia katika barabara ipitayo hapo. Askari wa King's African Rifles walikuwa na laini zao, polisi wakawa na laini zao, na katika mashamba ya chai ya Kericho vibarua wakaishi katika laini.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Kibera. Eneo hilo lilikuwa ardhi ya jeshi ambako askari Wanubi na jamaa zao waliruhusiwa kuishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mojawapo ya vijiji vyake huitwa Laini Saba, na kumbukumbu za wakazi huliunganisha jina hilo na uwanja wa shabaha wa KAR. Hapa mhakiki wa lugha anapaswa kutua kidogo. Nambari imetafsiriwa, nomino haikutafsiriwa. Saba ni hesabu, na kila mtu anahesabu kwa lugha yake. Laini ilikuwa ya jeshi, nayo ikaachiwa jeshi hata katika kinywa cha mwenye kuishi humo.

Hali ni iyo hiyo katika makao ya polisi hadi leo. Mtoto aliyelelewa humo husema amekulia laini, wala hasemi amekulia safu au mstari. Neno linabeba mambo ambayo tafsiri ingeyapoteza: kwamba nyumba si ya baba bali ya kazi ya baba, kwamba chumba kina nambari kabla ya kuwa na mwenyewe, na kwamba siku ya kustaafu au kufutwa familia yote itahama. Vijana wa Eastlands baadaye walitunga neno jingine la nyumba, "keja", ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na neno la Kiingereza la tundu la kufugia ndege au mnyama. Tukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, tunapata historia fupi ya makazi ya mfanyakazi katika Nairobi ambayo hakuna mwanahistoria aliyeiandika kwa maneno machache kuliko hayo.

Kupanga laini, na neno lililoharibiwa

Maana ya pili ni ya watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine. Huko Tanzania jambo hili huitwa foleni, neno lililotokana na amri ya gwaride ya Kiingereza ya kuwataka askari waingie safuni. Kenya tulichukua laini. Asili zote mbili, basi, ni za kijeshi, na hilo si ajabu, maana kusimama kwa zamu mbele ya dirisha la ofisi si desturi iliyobuniwa na wanaosimama. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, wakazi wa Eastlands walitolewa majumbani, wakapangwa na kuchujwa kwa maelfu. Aliyepangwa hakuulizwa angependa tendo hilo liitweje.

Hapa lakini dai letu linakutana na mfano unaolipinga, nao haufai kufichwa. Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wapiga kura wasimame nyuma ya mtu wanayemtaka au nyuma ya picha yake, wahesabiwe hadharani. Utaratibu huo ulitumika mwezi Februari 1988, na mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kwenda kwenye kura ya siri. Viongozi wa makanisa kama Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya waliupinga. Nao utaratibu wote ulijulikana kwa neno safi la Kiswahili: mlolongo.

Kwa nini dola, ambayo sheria zake ziliandikwa kwa Kiingereza, ilijipatia neno la Kiswahili katika jambo hili? Tunaona kwamba sababu iko katika kile ambacho dola ilitaka kiaminiwe. Laini ni kitu unachopangiwa. Mlolongo ni kitu cha watu wanaotembea kwa hiari, kama waendao arusini. Kwa kuchagua neno hilo, chama kilitaka utaratibu wake uonekane umetoka kwa wananchi na ni mali yao. Haukuwa mali yao, na lugha ilitoa hukumu kwa njia yake. Kote nchini ilisimuliwa jinsi waliosimama katika mlolongo mfupi walivyotangazwa washindi. Kufikia Desemba 1990, wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani walipoamua kuuacha utaratibu huo, neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuharibika. Hata sasa, kwa Mkenya wa rika la makamo, uchaguzi wa mlolongo ni namna nyingine ya kusema uchaguzi ulioibwa. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 watu walisimama tena juani, safari hii wakingoja kura ya siri, na kwa mazungumzo ya kawaida walisema wamepanga laini. Neno la kambini lilionekana kuwa na unyofu zaidi. (Mji wa Mlolongo ulioko barabara ya Mombasa, penye mizani ya kupimia malori, hauhusiani na siasa hizi, ijapokuwa mpenda ushairi hawezi kupita mahali panapounganisha mlolongo na mizani bila kutabasamu.)

Kule Tanzania dola ilifanya tafsiri ya aina nyingine. Katika miaka ya 1970, nchi huru zilizopakana na tawala za kibaguzi na za kikoloni kusini mwa Afrika zilijulikana kwa Kiswahili kama nchi zilizo mstari wa mbele. Chimbuko ni usemi wa Kiingereza wa uwanja wa vita, lakini hakuna Mtanzania aliyeyasikia maneno hayo kama ya mkopo. Dola ilikuwa inaendesha shughuli zake kwa Kiswahili, jambo lenyewe ililihesabu kuwa lake, na gharama yake iliilipa. Kwa hiyo tafsiri ilikaa.

Laini ya mfukoni

Juu ya simu tutasema kidogo, kwa kuwa msomaji anaijua habari hii kwa maisha yake mwenyewe. Laini ya zamani ilikuwa waya. Iliombwa kwa shirika la serikali la posta na simu, ilingojwa kwa muda mrefu, na nyumba nyingi za Eastlands hazikuwahi kuipata. Baada ya 2000, simu za mkononi zilipoenea, laini ikawa kadi ndogo isiyo na waya wowote, na mtu aliweza kuinunua kibandani pamoja na mkate. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Mowlem akawa na laini badala ya kuwa ndani ya laini. Furaha hiyo ilikuwa na kikomo. M-Pesa ilianza mwezi Machi 2007, fedha zikahamia humo. Mwaka 2010 kukaanza usajili wa laini kwa kitambulisho. Nambari ikarudi kuwa njia ya kumjua mtu alipo na alicho nacho. Neno likabaki laini, bila tafsiri, na tunadhani hilo lilistahili.

Mistari

Tumefika sasa mlango wa pili, ambao kwa idara ya fasihi ndio wenye uzito.

Katika Sheng, kumtupia mtu mistari ni kumsemesha kwa maneno ya kumvuta kimapenzi. Maana hii haimo katika "mstari" wa kale. Pwani walikuwa na kutongoza, kubembeleza, kunasihi. Hakuna aliyemtongoza mtu kwa mstari. Kiingereza ndicho kilichokuwa na mazoea ya kuyaita maneno ya mwigizaji jukwaani, na ya mtongozaji anayeyarudiarudia, kwa jina la "lines". Maana, basi, ilitoka huko, lakini sauti iliachwa mlangoni. Kijana hakusema anatupa laini, ijapokuwa neno laini lilikuwa midomoni mwake mchana kutwa. Tafsiri hii haikuagizwa na kamati yoyote.

Maana ya tatu, na kwetu iliyo kuu, ni ya utungaji. Mwanamuziki wa hip hop wa Eastlands huandika mistari, hushusha mistari, na husifiwa au kulaumiwa kwa mistari yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora, na baada yake ukoo mpana wa Ukoo Flani Mau Mau, walionyesha kwamba aina hii ya utungaji iliweza kubeba habari za njaa, polisi na ardhi kwa Kiswahili cha mtaani. Majirani wa Mowlem upande wa Kariobangi Kusini walitoa kundi la K-South. Kwa watunzi hawa neno mistari lina wazazi zaidi ya mmoja. Mzazi mmoja ni Kiingereza cha hip hop ya Marekani, kilichofika kwa kanda, kwa televisheni ya KTN iliyoanza mwaka 1990, na baadaye kwa redio za FM. Mzazi mwingine ni Biblia ya Kiswahili, ambamo kila sentensi yenye nambari huitwa mstari. Mhubiri wa mtaani humwambia msikilizaji afungue mstari, ausome, aushike moyoni. Hapa Kiingereza hakina sehemu, kwa sababu chenyewe hakiuiti mstari huo "line". Mtoto wa Eastlands alikuwa amekwisha kujua kwamba mistari ni maneno yanayohifadhiwa kichwani na kutolewa kwa sauti mbele za watu, hata kabla hajasikia mdundo wa kwanza wa hip hop.

Na mzazi wa tatu ni ushairi wenyewe. K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, mstari wa shairi, ambao wengi huuita mshororo, ulikuwa tayari na historia ndefu. Hapo ndipo penye kinaya kinachotushughulisha. Kijana aliyetafsiri "line" kuwa mstari alidhani anaunda istilahi mpya ya mtaani. Kwa hakika alikuwa anairudishia "mstari" kazi yake ya zamani.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani. Kutokana na hilo, kizazi kizima cha Eastlands kilijifunza kuhesabu mishororo katika ubeti, kutaja ukwapi na utao, kubaini vina vya kati na vya mwisho. Mwanafunzi yule yule aliyeandika "mishororo" kwenye karatasi ili apate alama aliandika mistari nyuma ya daftari hilo hilo, na mwalimu aliyeikuta aliichana. Kitu kimoja kilikuwa na majina mawili, moja la kupita mtihani na moja la kuishi. Wataalamu wa isimu hawakulala: Abdulaziz na Osinde waliiandikia Sheng mwaka 1997, Alamin Mazrui kabla yao mwaka 1995, na Chege Githiora akatoa kitabu kizima mwaka 2018 akiitetea kama lahaja ya Kiswahili cha Kenya. Ni sisi wa fasihi tulioendelea kuuliza kama Sheng inaharibu lugha, huku tukipitwa na ushairi unaotungwa kwayo. Tulibishana vikali juu ya Kichomi cha Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1974, tukiuliza kama shairi lisilo na vina ni shairi. Utungo wenye vina vingi kuliko tulivyowahi kudai, uliokuwa ukiimbwa mita chache kutoka kwa wanafunzi wetu, hatukuuliza swali lolote juu yake.

Swali la kuuliza lipo, nalo ni la kiufundi. Mshororo wa tarbia ya kawaida huwa na mizani 16, nane kila kipande, na idadi hiyo haibadiliki. Mstari wa hip hop hupimwa kwa midundo, ambayo kwa kawaida ni minne. Idadi ya silabi hupanda na kushuka kulingana na mwendo wa msanii. Mmoja umefungwa kwa silabi na kuachiwa huru kwa mdundo, na mwingine kinyume chake. Lakini kina cha katikati, ambacho Kiingereza hukitumia kama pambo la hiari, mtunzi wa Eastlands hukirudia kwa uthabiti unaomkumbusha msomaji ukwapi na utao. Je, ni athari ya darasa la shule ya upili, au ni Kiswahili chenyewe, chenye silabi wazi na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kinachoyaita maneno yalingane? Sisi tunaegemea jibu la pili, kwa kuwa jambo hilo huonekana pia kwa wasanii walioacha shule mapema. Mwenye kushikilia la kwanza ana kazi nzuri ya tasnifu mbele yake.

Hata neno letu lenyewe hutoa ushahidi. Msanii anayetamka "laini" kwa Kiswahili hupata mizani tatu, la-i-ni, na kina cha "ni", ambacho ndicho rahisi kuliko vyote kwa sababu kila mahali huishia hapo: mtaani, mjini, nyumbani, gerezani. Akilitamka kwa Kiingereza, linakuwa silabi moja iliyofungwa kwa konsonanti, haliwezi kulingana na neno lolote la Kiswahili asilia, na humlazimu atafute mwenzake miongoni mwa maneno mengine ya Kiingereza. Wasanii wa Eastlands hutumia matamshi yote mawili, wakati mwingine katika utungo mmoja, na mahali wanapobadilisha ndipo mhakiki anapopaswa kutega sikio: ubeti uliokuwa ukitembea mtaani kwa kina cha "ni" hukatika ghafla kwa neno lililofungwa, na mara nyingi anayeingia wakati huo ni polisi.